Kifaru wetu au kifaru chetu? Nilivyonunua rekodi za vita za babu

Nianze na hesabu, maana najua wengi mtaruka moja kwa moja kutafuta bei. Kwa miezi minne nimetumia shilingi 412,000 kumtafuta marehemu babu mzaa mama kwenye nyaraka za Vita Kuu ya Pili. Kati ya hizo, 150,000 nimezitupa. 230,000 zimenipa kitu ambacho ukoo mzima hatukuwa nacho. Zilizobaki ni bando, nauli na soda za watu. Halafu kuna kilichonisaidia sana ambacho sikukilipia hata senti, na hicho ndicho watu hawakijui.

Mimi nina steshenari Sinza. Natoa kopi, naskani vyeti, napiga laminesheni, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Karatasi ndiyo inayonilisha, kwa hiyo mtu akiniuzia picha ya karatasi iliyopigwa ovyo ananikosea mara mbili. Mnisamehe nikikazania hilo huko mbele.

Mambo yalianza na kopo la biskuti. Mjomba alishuka nalo kutoka Mbagala baada ya kuhama nyumba, akaliweka juu ya printa yangu. "Mama, wewe ndiye mwenye mashine. Tengeneza hivi vitu vya baba visipotee." Ndani kulikuwa na nyota ya shaba yenye utepe uliofifia, na kijitabu cha kuachishwa jeshi ambacho mchwa walishakula nusu. Kwenye nusu iliyobaki unasoma "36 K.A.R.", tarakimu nne za mwisho za namba yake, na mwaka 1946. Jina lake liliishia tumboni mwa mchwa.

Babu alikuwa Myao wa Tunduru. Tulichokijua sote ni kwamba alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alikwenda Bama, yaani Burma, kupigana na Wajapani, na akikolea maongezi alikuwa akisema, "Sisi tulikuwa Kifaru." Basi. Kutokana na sentensi hiyo moja Mjomba amejenga historia nzima: babu alikuwa dereva wa kifaru. Imesimuliwa harusini, imesimuliwa kwenye arobaini ya babu mwenyewe mwaka 1987, na mimi nikiwa darasa la tano niliiandika kwenye insha nikapewa kumi na nane juu ya ishirini.

Kwanza nilikwenda na ile nyota kwa sonara Kariakoo, nikidhani nyuma yake kutakuwa na jina au namba. Hakuna kitu. Sonara aliipima mkononi akanirudishia, "Shaba tu hii, dada." Baadaye ndipo nikajua kwamba nyota za vita ile zilizotolewa na Uingereza, hiyo ya Burma ikiwemo, hazikuchongwa majina ya waliopewa. Kwa hiyo ukikuta nyota kwa bibi yako, inakwambia mtu huyo alipigana upande gani wa dunia, na hapo inaishia. Anayekwambia atakutafutia mwenye nyota kwa kuiangalia tu, shika pochi yako.

Na tukiwa bado Kariakoo: kila niliyemweleza shida yangu alinielekeza kwenye Sanamu ya Askari pale Posta, eti majina yapo. Hayapo, na vita yenyewe siyo. Sanamu ile ilizinduliwa mwaka 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Jina la Kariakoo lenyewe ni la wapagazi haohao, Carrier Corps, waliopiga kambi pale. Babu wakati huo alikuwa hajazaliwa.

Sasa huduma zenyewe.

Ya kwanza siitaji jina, nisije nikaitwa mahali. Ni tovuti ya kulipia ya nje, ya kutafuta mababu, inayojinadi kwamba ina mamilioni ya rekodi za kijeshi. Nikalipia miezi mitatu kwa kadi ya kwenye simu. Niliandika jina la babu kwa kila namna ninayoijua na isiyojulikana. Ikanipa mzee mmoja wa Lancashire aliyekuwa mpishi kwenye manowari. Nikaandika "Tunduru", ikaniuliza kama nilimaanisha "Tundra".

Kosa lilikuwa langu kwa sehemu, na ninalieleza ili lisiwe lenu. Rekodi za kijeshi zinazouzwa kule ni za wanajeshi wa Uingereza. Hata yale mafaili binafsi ambayo Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilianza mwaka 2022 kuyahamishia kwenye Hifadhi ya Nyaraka kule Kew, London, ni mamilioni ya mafaili lakini ni ya watu wao. Askari wa kawaida wa Keya aliandikishwa huku na serikali ya koloni, na karatasi zake zilibaki huku. Faili la babu halikuwahi kukaa London. Hilo tovuti ile ingeweza kulisema kwenye ukurasa wa kwanza kabla haijachukua kadi yangu. Na nilipositisha, mwezi uliofuata walikata tena. Nyota moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya mpishi wa Lancashire, maana habari zake zilikuwa nzuri.

Huku nyumbani nako nilibisha hodi. Ofisi moja niliyokwenda walinipokea vizuri, wakanipa kiti, wakaniuliza namba ya jalada. Namba ya jalada ndiyo niliyokuwa naitafuta. Tukaangaliana. Nilirudi mara tatu, na mara ya tatu mlinzi alishanizoea akawa ananiita shemeji. Sitasema zaidi.

Huduma ya pili ndiyo ile ya bure. Kuna Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, wenyewe wanaiandika CWGC. Wakazi wa Dar mnaijua bila kujua: yale makaburi meupe yaliyopangwa mistari, bustani imefyekwa, barabara ya Ali Hassan Mwinyi, unayaona kutoka dirisha la daladala. Mengi ya pale yalihamishwa kutoka Ocean Road mwaka 1968 kupisha barabara. Tume hiyo ina orodha ya waliokufa kwenye vita zote mbili, unatafuta bila kulipa na bila kujisajili.

Babu hakufia vitani, kwa hiyo kwa upande wake haikunifaa. Lakini babu alikuwa na kaka. Huyo tunajua neno moja tu, kwamba "alizama". Bibi alikuwa akisema alikuwa mtu wa mizinga, akapakiwa meli Mombasa kwenda Bama, ikazama. Kama mtoto nilidhani ni dhoruba.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye faida. Ukitafuta kwa jina utachoka, kwa sababu makarani Wazungu waliandika majina yetu walivyoyasikia: R ikawa L, Z ikawa S, herufi ya mwisho ikadondoka, na wengi wameandikwa jina moja tu bila la baba. Acha jina. Weka kikosi na tarehe. Mizinga ya Afrika Mashariki iliitwa East African Artillery, na meli ya kutoka Mombasa iliyozama nao ni moja, Khedive Ismail, tarehe 12 Februari 1944. Ilikuwa kwenye msafara wa kwenda Colombo ikapigwa torpido na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Haikuchukua dakika mbili kuzama. Kati ya watu 1,511 waliokuwemo walikufa 1,297, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki, maofisa na askari 996 walipanda. Walikuwemo na manesi.

Nikaweka tarehe, nikaweka kikosi, nikabonyeza. Ikaanza kushuka orodha. Nilikuwa na mteja dukani, kijana wa chuo anayesubiri kubaindiwa ripoti yake, na akaniuliza, "Mama, kuna tatizo?" Nikamwambia wino umeisha. Orodha ilikuwa inashuka, inashuka, siku moja ileile. Jina la kaka yake babu silitaji hapa, ni la kawaida Kusini kote, na ndiyo shida yenyewe: wapo watatu wenye jina hilo. Mmoja wao ni wetu, au hata mmoja si wetu na wetu ni wa nne aliyeandikwa vibaya. Wote wanakumbukwa Nairobi, kwenye Makaburi ya Vita ya kule, kwa kuwa bahari haina kaburi. Nimewaprinti wote watatu.

Kwa huduma ya bure, inayofunguka hata kwenye simu ya bando la jero, natoa nyota tano. Nawapunguzia labda nusu kwa kuwa haina Kiswahili, wakati waliolala humo wengi walizungumza Kiswahili.

Ya tatu ndiyo niliyolipia 230,000, na ndiyo nitakayokaa nayo.

Kama mafaili ya askari hayako London, kilichoko London ni madaftari ya vita. Kila batalioni ilikuwa na ofisa wa kuandika kila siku iko wapi na imefanya nini, kwenye fomu maalumu yenye safu za mahali, tarehe, saa na taarifa. Madaftari ya batalioni zilizopigana Burma yako Kew kwenye fungu linaloitwa WO 172. Katalogi yao unaitafuta bure mtandaoni, ukiandika "36 King's African Rifles" na mwaka inakupa namba ya boksi. Lakini kwenye boksi ninalolitaka mimi kurasa zenyewe hazijaskaniwa. Inabidi mtu aende.

Kwenda ni bure. Kama una ndugu London, mwambie achukue kitambulisho chake na uthibitisho wa anwani, wanamtengenezea kadi ya msomaji, anakaa na boksi na kulipiga picha kwa simu yake bila kulipa. Mimi ndugu yangu wa kule yuko Leeds, na nauli ya treni aliyonitajia ilikuwa kubwa kuliko kumlipa mtu. Basi nikamkodi mtafiti, mzee mmoja mstaafu ambaye kazi yake ni hiyo, anakupigia picha unachotaka kwa bei ya boksi. Paundi 65. Na makato ya benki ikafika 230,000.

Alijibu barua pepe siku ileile. Akaniuliza swali ambalo hakuna ofisi yoyote iliyoniuliza: "Unataka jina lake au unataka siku zake?" Akanionya mapema kwamba jina sitalipata. Hilo nampa heshima, mtu wa biashara anayekwambia kabla hujalipa kwamba unachotaka hana. Baada ya siku tisa zikaja picha 186.

Ubora wa picha, nyota mbili. Nasema kama mtu wa kazi. Karibu thelathini zina kidole gumba. Nyingine zimepinda, taa imewaka katikati ya ukurasa, na hakuzipa namba, kwa hiyo nililala saa nane usiku nikizipanga kwa tarehe. Nilimwandikia, akaomba radhi, akazipiga upya zile za vidole bila kudai hela. Nyota ya tatu hiyo.

Yaliyomo sasa. Batalioni ya 36 ilikuwa ya watu wa Tanganyika, ndani ya brigedi ya 26 ya Afrika Mashariki, chini ya divisheni ya 11. Divisheni hiyo ndiyo iliyosukumwa mwaka 1944 kuwafuata Wajapani kwenye bonde la Kabaw, katikati ya masika ya kule, bonde lenye sifa ya malaria. Mnaojua matope ya Jangwani wakati wa mvua, ongezeni milima, msitu na mtu anayekulenga kutoka juu ya mti. Magari yalikwama, chakula kikawa kinadondoshwa kwa ndege. Mwanzoni mwa Desemba divisheni ilifika Kalewa, mto Chindwin, na pale wahandisi wakatandika daraja la chuma la futi 1,154, ambalo wakati huo lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake duniani. Babu alishasema kuhusu daraja. Tulidhani anasifia daraja fulani la huku nyumbani.

Kwenye kurasa zangu ofisa akiumia anatajwa kwa jina na cheo. Askari wetu wanahesabiwa. Imeandikwa AOR, yaani Mwafrika asiye ofisa, na mbele yake tarakimu: wawili wameumia, mmoja amekufa. Nilipofika ukurasa wa nne wa hivyo nilichoka kusoma, nikafunga kompyuta. Nikaifungua kesho yake. Babu yuko humo ndani, nina uhakika, yuko ndani ya tarakimu. Mzee wa London alishaniambia.

Lakini kifaru nilikipata. Nisahihishe: nilimpata.

Nilikuwa naangalia alama za divisheni ili nijue vifupisho vinavyojirudia kwenye daftari, nikakutana na nembo ya divisheni ya 11, ile waliyoshona begani. Ni kichwa cha kifaru. Mnyama, mwenye pembe. "Sisi tulikuwa Kifaru." Batalioni ya 36 ilikuwa ya miguu, haikuwa na kifaru cha chuma hata kimoja.

Nikampigia Mjomba.

"Mjomba, shikamoo. Babu hakuendesha kifaru."

"Marahaba. Nani kasema?"

"Nyaraka. Walikuwa wa miguu. Kifaru ni mnyama, walimshona begani."

Kimya. Nikasikia anamwambia mtu apunguze redio. "Lakini mimi nimemsikia kwa masikio yangu, mama. Alikuwa anasema kifaru *chetu*. Angekuwa mnyama angesema kifaru *wetu*."

Hoja nzuri, na kwa mtu mwingine ningekubali. Lakini babu Kiswahili alikisomea jeshini, kile Kiswahili cha Keya kisichojua ngeli. Nikamkumbusha Mjomba kwamba babu huyohuyo alikuwa akisema "ng'ombe yangu kimepotea". Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimeshawaambia wengine.

Niliwaambia. Mama mdogo hakukubali hadi leo.

Kuna jingine la pembeni ambalo mzee wa London alinipa bure na limenifurahisha kama mkazi wa Dar. Kambi ya Lugalo, kabla ya jina hilo, iliitwa Colito. Colito ni mahali Ethiopia ambapo batalioni ya kwanza ya kikosi cha 6 cha Keya, cha Tanganyika, ilipambana na vifaru vya Waitaliano, vya chuma kweli, Mei 1941. Sajini Nigel Leakey alikipandia kimoja juu, akakifungua na kuwapiga waliokuwemo, hakurudi, akapewa Victoria Cross, nishani ya juu ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa. Kambi ya Colito ndiyo askari walipoasi Januari 1964. Mimi nimepita pale na basi la Tegeta miaka ishirini.

Kwa hiyo mtafiti wa London, jumla nyota nne. Kama nyumbani mna kijitabu au hata kipande chenye jina la batalioni, mlipe mtu kama huyo na muombe daftari la batalioni, msimwombe jina. Kama hamna batalioni, msilipe mtu yeyote bado. Kaeni na wazee kwanza, muulize walivaa nini begani, walipanda meli wapi, nani alikuwa naye akafa. Aliyekufa ana rekodi ya bure, na kikosi cha aliyekufa mara nyingi kitakuonyesha cha aliyerudi, maana waliandikishwa kijiji kimoja. Na kila kilichoko kwenye makopo kipigeni picha wiki hii, mchwa hawasubiri likizo.

Juzi Mjomba alikuja Sinza mwenyewe, amevaa kanzu ya Ijumaa. Ameomba ile nembo, kichwa cha kifaru, kwa ukubwa wa A3, ya rangi, na laminesheni nzito. Nikamuuliza aning'inize wapi. Sebuleni, juu ya televisheni. Aliniuliza bei, nikamwambia ya familia, akalipa elfu kumi akakataa chenji.

Limebaki daftari la nusu ya kwanza ya 1944, walipokuwa bado mazoezini kisiwa cha Ceylon (sasa Sri Lanka) kabla ya kuvushwa. Babu alikuwa akisema aliwahi kukaa kisiwa chenye minazi kama Mafia, watu wake weusi wasiojua Kiswahili, na sote tulidhani anachanganya. Nimeshatuma paundi nyingine 40. Nimemwandikia mzee kwa herufi kubwa kwamba kidole gumba kibaki nje ya picha.